Mnyama Asiyekamuliwa

4 Februari

Dada yangu,

Wiki iliyopita nilikupigia simu mara tatu. Mara zote ulipokea, ukasema "haloo, haloo, sikusikii", ukakata. Wifi yako Mwalimu kaniambia niache kuyasumbua masikio yako, nikuandikie, maana dereva wa lori la maziwa anapita kwako kila wiki na huku kwetu pia anapita. Amekubali kubeba barua. Kasema haziongezi uzito.

Tumehama mjini. Karakana nimeifunga. Mgongo umechoka na vumbi la mbao limenitosha. Sasa tunakaa kwenye kile kiwanja ambacho Mwalimu aliachiwa na shangazi yake: robo tatu ya ekari, nyumba ya vyumba vitatu, mpapai mmoja, na bomba linalotoa maji siku nne kwa wiki. Mwalimu anafundisha shule iliyo mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mimi nashinda nyumbani naangalia majani yakikua.

Nataka kufuga. Si kwa ukubwa wa kwako. Wewe umeishi na wanyama miaka arobaini na bado unawasema vizuri, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nataka aina moja ya mnyama, zikizidi mbili, lakini kila mmoja awe na faida zaidi ya moja. Atupe chakula, aturutubishie bustani, na asimalize maji yote ya bomba. Sharti langu ni moja tu: asiwe wa kukamuliwa.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia gotini, meza bado hazijafika.

Mdogo wako

*

15 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika. Pembe moja imelowa maziwa lakini inasomeka, ingawa mwandiko ni wa mtoto wa darasa la pili aliyekalishwa karibu na dirisha. Na seremala mzima huna meza. Nimecheka peke yangu mpaka mbuzi wakageuka kunitazama.

Masikio yangu yaache. Yanasikia yanachotaka.

Sasa tuongee la maana. Watu wengi wanachagua mnyama kama wanavyochagua kitambaa, wanaangalia rangi. Wewe anza na kiwanja chako. Ng'ombe msahau. Atakunywa maji ya siku nne kwa siku mbili, na robo tatu ya ekari ataimaliza kabla hujamzoea. Utabaki barabarani unakatakata majani ya watu.

Mimi ningefuga mbuzi wa maziwa, wale chotara. Wawili, si mmoja, kwa sababu mbuzi akiwa peke yake analia kutwa nzima na majirani watakuchukia. Wawili watakupa maziwa ya chai na ya uji, samadi ya mboga, na watoto wawili watatu kwa mwaka. Majike unabaki nayo, madume unakula. Hata ua wako watakupogolea bila kuombwa, kwa hiyo kama kuna mche unaoupenda uzungushie kitu mapema. Chini yao weka kuku kumi wa kienyeji. Banda la mbuzi liinuliwe, sakafu iwe ya mbao zilizoachana kidogo, samadi idondoke, kuku wachakure funza humo. Kila mmoja anasafisha nyuma ya mwenzake, na wewe unakula kote kote.

Ila hilo sharti lako sijalielewa. Kwa kiwanja kama hicho, mnyama asiyekamuliwa ni nusu mnyama. Na wewe ulijua kukamua kabla hujajua kufunga vifungo vya shati. Hebu niambie sababu.

Dada yako

*

27 Februari

Dada,

Sababu ni ndogo tu. Tumbo la Mwalimu halielewani na maziwa. Halafu kukamua kunamfunga mtu, asubuhi hapo, jioni hapo, huwezi hata kwenda kumsalimia mgonjwa. Mimi ratiba zimenichosha.

Kuku tumeshaanza, tunao kumi na mmoja. Banda tumejengewa na fundi wa jirani. Mlango unakwaruza chini na bawaba kaziweka juu chini, lakini kuku hawajalalamika.

Nimewaza mambo matatu, niambie lipi linafaa. La kwanza sungura. Ni wapole, hawapigi kelele, na nimesikia samadi yao haihitaji kuozeshwa. La pili kondoo, nyama na samadi, basi. La tatu bata, mayai na nyama, na konokono wa hapa ni wengi mno, wamemaliza kabichi za Mwalimu zote mbili. Ndiyo, zilikuwa mbili.

Usinikasirikie kuhusu mbuzi. Si wao.

Mdogo wako

*

9 Machi

Mdogo wangu,

Nakujibu kwa mpangilio wako.

Sungura ni wazuri, sikatai. Wanakula mabaki ya jikoni, nyama yao laini, na kuhusu samadi umesikia sawa. Lakini nani atawachinja na kuwachuna? Sungura ni kazi ya vidole, kuanzia kumshika mpaka kumchuna. Kondoo anataka kutembea, na minyoo inampenda kuliko mtu yeyote. Kwenye robo tatu ya ekari atakuangalia kila asubuhi kama umemfunga bila kosa. Bata watakula konokono wako wote, hilo kweli, kisha bomba lenu watalizungushia bwawa la matope. Kama Mwalimu yuko tayari kwenda shule na viatu vya mvua mwaka mzima, wanunue.

Sasa nina swali langu. Wewe, ambaye ulitengeneza milango ya nusu ya mji huo, umeajiri mtu akujengee banda la kuku, akakuwekea bawaba juu chini, ukanyamaza? Na wifi anayekunywa chai ya maziwa kwangu vikombe viwili viwili, tumbo limeharibika lini?

Usinizungushe. Najua ni nini. Baba alipofariki mimi nilichukua mbuzi, wewe ukachukua sanduku la vifaa, na siku ile uliniambia mbele ya watu, "Mbuzi wako, uzeeke nao." Miaka ishirini na mbili nimejifanya nimesahau. Wewe umekuja kwangu, umekula, umecheka, lakini hujawahi kuingia zizini hata siku moja. Sasa hata ushauri unauomba, ila mnyama wangu humtaki.

Basi. Nunua unachotaka. Sungura wanauzwa kila soko.

Dada yako

*

20 Machi

Wifi yangu,

Nakuandikia ofisini wakati wanafunzi wanafanya jaribio. Mdogo wako hajui kama naandika, na sitamficha akiniuliza.

Barua yako ya mwisho aliisoma amesimama mlangoni. Kisha akaikunja, akaenda kukaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Nilimfuata nikamwambia, "Mwambie dada yako." Akasema, "Nitamwambia nikishazoea." Nikamuuliza, "Ukishazoea nini?" Akainuka, akaenda kufungia kuku.

Nilimwahidi sitakuambia, kwa hiyo sikuambii. Naomba tu usiamini kwamba ni habari ya mbuzi wa Baba. Tumbo langu ni zima kabisa. Nimeacha maziwa tangu Februari ili nisimfanye mwongo, na chai ya rangi imenichosha.

Soma tena barua zake zote mbili. Wewe una macho mazuri kuliko masikio.

Wifi yako, Mwalimu

*

27 Machi

Mdogo wangu,

Wifi hajaniambia kitu, usimguse.

Niandikie mstari mmoja kwa mkono wa kulia.

Dada

*

5 Aprili

Dada,

Siwezi.

Ilikuwa Julai, tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi, mwanga mzuri kabisa. Nilikuwa napasua mbao za kitanda kwenye msumeno wa mashine. Umeme haukukatika, wala hakuna aliyenisukuma. Mteja aliniita kutoka mlangoni, nikageuza kichwa kumwitikia, mkono ukaendelea na ubao. Vidole vinne. Gumba limebaki.

Hospitali walinitunza vizuri na kidonda kimepona. Kinachonisumbua ni vitu vya kijinga. Kifuniko cha chupa. Kamba za viatu. Kuna mzee mmoja nilimtengenezea kabati zamani, tulikutana barabarani, akanyoosha mkono kunisalimia, akauona wangu, akaurudisha wa kwake akajikuna sikio. Hakufanya kwa ubaya. Lakini siku ile ndiyo niliyomwambia Mwalimu tuhame.

Nilirudi karakana mara mbili. Mara ya kwanza nilifagia. Mara ya pili nilishika randa kwa kushoto, ikaruka, ikachimba ubao wa mteja. Nikafunga mlango, nikampa mwenye nyumba ufunguo.

Kwa nini sikukuambia. Unakumbuka siku Baba alipogawa, kabla hajafa, akiwa bado anaongea vizuri. Alisema vifaa nipewe mimi kwa sababu mikono yangu ni ya kwake. Wewe ulivitaka vile vifaa. Nilikuona. Ulikuwa unajua kuchonga mpini vizuri kuliko mimi, ukanyamaza, ukachukua kamba za mbuzi. Sasa nikuandikie nini, kwamba mikono aliyoisifia nimeiweka kwenye msumeno kwa sababu ya kuitwa mlangoni? Nikaona nitafute mnyama ambaye hatanidai vidole, nikae naye kimya, hutajua.

Lile neno la "uzeeke nao" nililisema nikiwa na miaka ishirini na nane na sijalala siku tatu za msiba. Nilijua limekaa kwako. Kila nilipokuja nilitaka kulitoa, nikifika naona unacheka, naliacha. Zizini sikuingia kwa aibu tu. Mbuzi sikuwahi kuwachukia. Nisamehe kwa hilo kwanza, haya mengine baadaye.

Mdogo wako

*

14 Aprili

Mdogo wangu,

Nimelia, nimemaliza. Sasa sikiliza.

Mbuzi ana chuchu mbili. Ng'ombe anazo nne, ndiyo maana sikumtaja. Chuchu mbili zinakamuliwa na mkono mmoja, moja baada ya nyingine. Utachukua muda mara mbili ya mtu mwingine, na sijui huo muda ulikuwa unauhifadhi kwa ajili ya nini.

Sisemi kukupoza. Mwanangu wa pili alikuwa hataki kushuka, ukimweka chini anapiga kelele mpaka anabadilika rangi. Mwaka mzima nilikamua mbuzi kumi na wawili kwa mkono mmoja, wa pili umembeba yeye. Hakuna aliyenionea huruma. Waliniuliza tu maziwa ni kiasi gani.

Fanya hivi. Gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto vibane juu kabisa, pale chuchu inapotoka kwenye kiwele, maziwa yasirudi. Kisha vidole vingine vifuate kimoja kimoja kwenda chini. Usivute. Ukivuta unamuumiza, na atakumbuka. Chombo usikishike, kiweke kwenye kitu kilichoinuka, na kiwe kizito. Mbuzi asimame juu ya jukwaa, urefu wa goti lako, mbele yake kuwe na hori la pumba na kibano cha shingo, mbao mbili tu, moja inasogea. Jukwaa hilo utalitengeneza wewe. Usimwite yule wa bawaba.

Na huo mkono wa kulia usiufiche mfukoni. Uweke ubavuni mwake wakati unakamua. Mbuzi anapenda kujua ulipo.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimekugombeza kwa kuficha na mimi nimeficha. Sikukushauri mbuzi kwa ajili ya kiwanja chako peke yake. Walikuwa thelathini na wanane. Wamebaki saba. Magoti hayanipandishi kilimani tena, na wanangu kila mmoja ana kazi yake mbali, mbuzi wanawaona kwenye picha. Nimekuwa nikiwapunguza kidogo kidogo, natafuta mtu ambaye hatawachinja wiki ya kwanza. Ulipoandika unataka kufuga nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Ulipowakataa nikaumia, nikaenda kufukua neno la zamani nijifunike nalo.

Vifaa vya Baba nilivitaka, ni kweli. Mbuzi nikawazoea, kisha nikawapenda. Hujanidhulumu kitu.

Dereva wa lori amekubali kuwaleta wawili wiki mbili zijazo, siku anayorudi na magaloni matupu. Mkubwa anaitwa Karani, kwa sababu anamkagua kila anayeingia. Anakamuliwa sasa, amezoeshwa, na anajua kusubiri. Mdogo ni binti yake, ana mimba ya miezi miwili. Wape dawa ya minyoo wakishapumzika, na wasile majani yenye umande siku za kwanza.

Kama hutaki, mwambie dereva awarudishe. Sitasema neno.

Dada yako

*

4 Mei

Dada,

Hawakurudi, kwa hiyo jibu unalo.

Wamefika Jumatatu, wima, wakamtazama dereva kama wao ndio waliomleta. Karani alishuka, akakagua ua, akala ukurasa wa daftari la Mwalimu la maandalio ya somo, akaridhika. Binti yake alijificha nyuma ya tangi la maji.

Jukwaa nilikuwa nimeshaanza kabla hawajafika. Kazi ya saa moja imenichukua siku tatu. Sanduku la Baba lilikuwa bado limefungwa kwa kamba ya kuhamia, Mwalimu ndiye aliyeifungua, mimi nilisimama pembeni. Msumeno wa mkono unakubali mkono wa kushoto ukienda taratibu. Misumari ndiyo ilikuwa shida, nani ataishika wakati napiga. Mwalimu akaishika. Nilimpiga kidole mara moja tu, cha kati, nikaitupa nyundo chini. Akakinyonya, akakiangalia, akasema, "Kipo. Lakini tusishindane." Nilimtazama kuona kama anatania au vipi. Halafu nikacheka, na yeye akacheka, tukakaa chini kwenye maranda tukicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna habari njema. Tangu Julai hakuna aliyethubutu kutania juu ya jambo hili, na sikujua kama nilikuwa nausubiri utani.

Jukwaa lilikuwa linayumba mguu mmoja. Nimeweka kabari, limetulia. Halipendezi. Nimelipiga randa upande wa juu mara mbili, basi, kwato zisichomwe na vibanzi. Nikimaliza naanza banda lao la kuinuka, na bawaba za kuku nitazigeuza.

Siku ya kwanza ya kukamua nilipata vijiko vitatu na Karani akapata kilo nzima ya pumba. Siku ya pili alikipiga chombo teke. Nilikiweka chepesi, ulinionya, sikusikia. Siku ya tatu Mwalimu alitaka kusaidia, nikamwomba aende tu shule.

Mwalimu anakunywa chai ya maziwa. Juzi alikunywa vikombe viwili amesimama.

Chumba cha tatu kina dirisha linalotazama kule nitakapojenga banda. Hakuna kilima hapa, kiwanja chote ni tambarare, ukikaa kwenye kiti unawaona wote. Binti wa Karani atazaa Julai, na mimi sijawahi kumzalisha mbuzi peke yangu. Njoo na hao watano waliobaki au njoo mwenyewe, kaa mwezi au kaa mpaka utuchoke. Dereva nimeshaongea naye, anasema kiti cha mbele kiko wazi kila Alhamisi, ila usimwimbie.

Nilitaka kukuambia la leo asubuhi, nimekawia sana kwenye mengine.

Mwalimu alikuwa ameshaondoka. Nilimpandisha Karani jukwaani, nikaweka pumba, kibano nikasahau kukifunga. Nikakaa, nikaosha kiwele, nikauweka mkono wa kulia ubavuni mwake kama ulivyosema. Dada, tangu Julai kila niliyemgusa kwa mkono huu ameshtuka kidogo, kisha akajifanya hakushtuka. Mwalimu pia, siku za mwanzo. Hata mimi, nikijisahau nikajipangusa nao uso. Karani aliacha kula. Akageuza shingo, akaunusa mkono wote, palipo na kitu na pasipo na kitu, akaona hauna pumba, akarudi kwenye hori lake.

Nikamkamua upande mmoja mpaka ukaisha, nikahamia wa pili.

Mdogo wako